Ovalodi ya mota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuichagua na kuiseti

Ovalodi ni kifaa kinachofanya mota isimame inapovuta mkondo kupita kiasi kwa muda. Maswali haya ni yale yanayojirudia kila mara mota inapofungwa, inapohamishwa au inaporudi kutoka kuwaindiwa, yaani kusukwa upya waya zake. Majibu yanahusu mota za induksheni za fezi tatu, isipokuwa pale palipotajwa vingine.

Ovalodi inalinda nini hasa?

Inalinda insulesheni ya waya zilizosukwa ndani ya mota. Wengi hudhani ampea ndizo zinazoua mota, lakini kinachoua ni joto lililokaa ndani bila pa kutokea. Joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi kwa asilimia 20, joto linalozalishwa kwenye waya huongezeka kwa asilimia 44. Insulesheni ya daraja B inavumilia nyuzijoto 130 za Selsiasi, daraja F 155, na daraja H 180. Kanuni ya zamani ya mafundi husema kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango hukata umri wa insulesheni kwa nusu. Ndiyo maana mota inayozidiwa kidogo kila siku haifi leo. Inakufa baada ya miezi, wakati aliyegeuza nobu ya ovalodi, ile ya kuweka ampea, alishasahau kwamba aliigeuza.

Ovalodi ya bimetali huigiza joto hilo. Mkondo wa mota hupita kwenye vipande vya metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Vikipata moto vinapinda, vinasukuma upau, na upau unafungua kontakti, yaani swichi ndogo iliyo ndani. Kila unapochagua ovalodi, jiulize kama kifaa hiki kitapata moto na kupoa kwa mwendo unaofanana na wa mota yako.

Kwa nini nisitumie saketi breka ya kawaida tu?

Kwa sababu breka ya kawaida imetengenezwa kulinda waya wa jengo, na haina nobu ya kuilinganisha na mota. Chukua mota ya ampea 15. Breka iliyo karibu ni ya 16, na kwa kiwango cha IEC 60898 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme) breka hiyo inalazimika kukata ndani ya saa moja pale tu mkondo unapofika mara 1.45, yaani ampea 23 hivi. Kwa ampea 23, mota yako inazalisha joto zaidi ya mara mbili ya kawaida, na breka bado ina ruhusa ya kuiacha hivyo kwa saa nzima. Tena, mara nyingi breka ya 16 itaanguka wakati wa kuwasha, fundi ataweka ya 25, kisha ya 32, na hapo mota haina mlinzi tena.

Breka maalumu ya mota, ile yenye nobu ya ampea usoni, ni habari nyingine. Hiyo ina ovalodi ndani yake na inaweza kufanya kazi zote mbili.

Je, ovalodi inazuia shoti?

Hapana. Ovalodi peke yake haikati umeme wa mota hata kidogo. Inachofanya ni kufungua kontakti ndogo, 95 na 96, iliyo kwenye njia ya koili ya kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Koili ikikosa umeme, kontakta inaachia na mota inasimama. Kontakti 97 na 98 hufunga wakati huohuo, kwa ajili ya taa au king'ora. Shoti inahitaji fyuzi au breka iliyo mbele ya kontakta, nayo ichaguliwe kwa jedwali la mtengenezaji wa ovalodi hiyohiyo. Kiwango cha IEC 60947-4-1 kinataja uratibu wa aina mbili: aina ya 1, ambapo baada ya shoti unaweza kulazimika kubadilisha kontakta na ovalodi, na aina ya 2, ambapo vinabaki salama na vinaendelea kutumika, ingawa ncha za kontakta zinaweza kushikana kidogo na kuhitaji kutenganishwa. Kama mashine ikisimama kazi yote inasimama, lipia aina ya 2.

Niliwahi kuitwa kuangalia mota iliyoungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ovalodi ilikuwa nzuri, namba yake sahihi kabisa. Nilipobonyeza kitufe cha kujaribu, kontakta haikuachia. Kuna mtu alikuwa ameunganisha waya mfupi kati ya 95 na 96, pengine wakati wa kutafuta hitilafu, akausahau pale. Tangu siku hiyo sisomi namba ya nobu kabla sijabonyeza kitufe hicho.

Nichague ovalodi ya ampea ngapi?

Soma mkondo ulioandikwa kwenye kibao cha mota, kisha chagua ovalodi ambayo namba hiyo inaangukia karibu na katikati ya masafa yake. Mota ya 11 kW kwa volti 400 huwa na ampea 21 hadi 22. Ovalodi ya 17 hadi 25 inakufaa kuliko ile ya 21 hadi 30, kwa kuwa unabaki na nafasi pande zote mbili.

Kibao chenye volti mbili kina ampea mbili. Kikisema 230/400 V na 5.9/3.4 A, basi ukiifunga kwa delta (waya za ndani zikiungwa kama pembetatu) kwenye 230 unatumia 5.9, na ukiifunga kwa nyota (zikikutana mahali pamoja) kwenye 400 unatumia 3.4. Kosa hapa ni rahisi sana kulifanya, na ni baya: ovalodi iliyosetiwa 5.9 kwenye mota ya 3.4 haitaona chochote mpaka moshi uonekane.

Kama kibao kimefutika, kwa volti 400 kadiria ampea 2 kwa kila kilowati, ukijua kwamba mota ndogo na zile zenye poli nyingi (ncha za sumaku, zinazoifanya mota iende polepole) huvuta zaidi ya hapo. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Mota iliyowaindiwa upya idai karatasi ya vipimo kutoka kwa aliyeiwaindi. Waya mwembamba kuliko wa awali hubadilisha kila kitu, na kibao cha zamani hakijui hilo.

Niseti kwa namba ya kibao, kwa mkondo ninaoupima, au niongeze kidogo?

Kwa ovalodi za IEC, seti namba ya kibao ilivyo. Usiongeze asilimia 10 "ya usalama", kwa sababu nafasi hiyo tayari imo ndani ya kifaa. Kiwango kinataka ovalodi isitripu (isifungue kontakti yake) ndani ya saa mbili ikiwa kwenye mara 1.05 ya namba uliyoseti, na itripu ndani ya saa mbili ikifika mara 1.2. Ukiongeza 10 yako juu ya hiyo, unaruhusu mara 1.32 kwa muda mrefu, na 1.32 kwa mraba ni joto la asilimia 74 zaidi.

Kushusha chini ya kibao kunaruhusiwa, na wakati mwingine ni busara. Konveya inayovuta ampea 12 siku zote kwenye mota ya 18 inaweza kusetiwa 14 hivi, ili ikikwama, mkanda na giaboksi vipone pia. Hapo ovalodi inalinda mashine, si mota pekee. Kupandisha juu ya kibao kwa ovalodi hizi hakuna sababu nzuri.

Marekani wana utaratibu wao. Kanuni zao za umeme, NEC, kifungu cha 430.32, zinaruhusu ulinzi wa hadi asilimia 125 ya mkondo wa kibao kwa mota yenye kigezo cha huduma (uwezo wa kubeba mzigo kupita ule wa kibao) cha 1.15 au zaidi, au yenye kupanda joto kusikozidi nyuzi 40, na asilimia 115 kwa nyingine. Ovalodi nyingi za soko lile hutengenezwa zikiwa zimeshazingatia hilo kwenye nobu, hivyo soma karatasi ya kifaa kabla ya kuzidisha mwenyewe. Kuzidisha mara mbili ni kosa la kila siku kwa vifaa vilivyosafiri.

Daraja la kutripu ni nini, na lipi linanifaa?

Hapa ndipo ovalodi yenye ampea sahihi hugeuka kuwa ovalodi isiyofaa. Daraja linakwambia inachukua muda gani kutripu mota ikikwama, yaani kwa mkondo wa mara 7.2 ya namba uliyoseti, ikianza ikiwa baridi. Daraja 10A hutripu kati ya sekunde 2 na 10. Daraja 10 kati ya 4 na 10. Daraja 20 kati ya 6 na 20. Daraja 30 kati ya 9 na 30.

Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake mpaka ishike kasi. Pampu ya kawaida hufika kasi ndani ya sekunde mbili tatu, na daraja 10 au 10A linaitosha bila maneno. Feni kubwa yenye gurudumu zito, krasha, mashine ya kusaga yenye mipira, au sentrifuji, hizo zinaweza kuchukua sekunde 12, 15 au zaidi. Daraja 10 litatripu kila asubuhi, na kila asubuhi mtu atapandisha nobu kidogo. Baada ya mwezi mashine inawaka vizuri na mota haina ulinzi. Dawa yake ni daraja 20 au 30 huku nobu ikibaki kwenye namba ya kibao.

Lakini usikimbilie daraja kubwa kabla ya kuuliza mambo mawili. La kwanza: mota yenyewe inavumilia kukwama kwa sekunde ngapi? Watengenezaji huandika muda huo kwenye karatasi za mota, ikiwa baridi na ikiwa moto. Kama mota inavumilia sekunde 12 ikiwa moto, ovalodi ya daraja 30 inailinda baada ya kufa. La pili: waya, kontakta na fyuzi navyo vitabeba mkondo wa kuwasha kwa muda huo wote, na fyuzi iliyochaguliwa kwa daraja 10 inaweza kukatika kabla ovalodi haijafikiria.

Kumbuka pia kwamba namba za daraja ni za kifaa kilicho baridi. Ovalodi ya bimetali iliyokuwa ikibeba mzigo kamili inaweza kutripu kwa takribani robo ya muda ule. Ndiyo maana mashine inayowaka vizuri asubuhi hukataa kuwaka tena ikisimamishwa na kuwashwa papo hapo mchana.

Pampu za kuzamishwa kisimani huenda upande wa pili kabisa: mota zake ni nyembamba na joto lake hupanda haraka, hivyo zinataka daraja 10 au la haraka zaidi, lenye kufidia joto la nje. Daraja 20 kwenye pampu ya kisima ni kosa.

Kwenye stata ya nyota-delta niseti ngapi?

Stata hii huwasha mota kwenye nyota, kisha taima huihamishia kwenye delta. Namba inategemea ovalodi imefungwa wapi, na swali hili limeunguza mota nyingi kuliko linavyostahili. Mpangilio wa kawaida huweka ovalodi chini ya kontakta kuu, ikiwa mfululizo na vilima vya mota, yaani waya zake zilizosukwa. Mota ikiwa kwenye delta, kilima hubeba mkondo wa laini ukigawanywa kwa 1.73, kwa hiyo unazidisha namba ya kibao kwa 0.58. Mota ya ampea 68 inasetiwa 39 na nukta.

Ukiifunga kwenye laini inayoingia, kabla ya kontakta zote, unaseti 68 kamili. Itafanya kazi vizuri kwenye delta. Tatizo ni nyota. Kwenye nyota mkondo wa laini ndio huohuo wa kilima, na kilima hicho kimetengenezwa kwa ampea 39. Taima ikiharibika na mota ikabaki kwenye nyota chini ya mzigo, kilima kinaweza kubeba ampea 60 na ovalodi ya 68 ikae kimya. Ovalodi iliyo chini ya kontakta kuu huona kilima kwenye hali zote mbili. Mimi huifunga hapo isipokuwa paneli ikinilazimisha vinginevyo.

Fezi moja ikikatika, ovalodi itajua?

Za kisasa nyingi zinajua, ila hakikisha neno hilo limo kwenye karatasi yake. Fezi ikikatika mota ikiwa imebeba mzigo, fezi mbili zilizobaki huvuta zaidi, kama mara 1.73 kwa mzigo kamili, na ovalodi yoyote itaona. Hatari iko kwenye mzigo wa wastani. Kwenye mota ya delta, kilima kilicho kati ya fezi mbili zilizobaki hubeba theluthi mbili za mkondo wa laini, badala ya 0.58 yake ya kawaida. Laini ikisoma namba ya kibao hasa, kilima hicho kimezidiwa kwa asilimia 15 na joto lake kwa theluthi moja, wakati ovalodi isiyo na hisi ya fezi haioni lolote la ajabu.

Ovalodi yenye hisi ya fezi ina pau mbili zinazolinganisha kupinda kwa vipande vitatu. Kimoja kikibaki nyuma, hutripu mapema. Kiwango kinataka itripu ndani ya saa mbili kwa mara 1.15 kwenye fezi mbili huku ya tatu ikiwa sifuri. Mahali ambapo fezi hukatika mara kwa mara, ongeza rilei ya kusimamia fezi. Hiyo hukata kwa sekunde chache, na pia huona volti zisizolingana. Volti zikitofautiana kwa asilimia moja tu, mikondo inaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10.

Mota ya fezi moja inaweza kutumia ovalodi ya fezi tatu?

Inaweza. Pitisha mkondo kwenye poli zote tatu za ovalodi (njia zake tatu za mkondo) mfululizo: laini iingie ya kwanza, irudi ya pili, itoke ya tatu. Ukiacha poli moja bila mkondo, ovalodi itadhani fezi imekatika na itatripu bila kosa.

Joto la ndani ya paneli lina shida gani?

Bimetali haijui kutofautisha joto la mkondo na joto la paneli lililopigwa jua. Ovalodi nzuri zina kipande cha ziada kinachofidia joto la nje. Zisizo nacho hutripu mapema kwenye joto na kuchelewa kwenye baridi. Shida ya kweli ni pale mota na paneli vinapokaa kwenye joto tofauti. Paneli ikiwa chumba chenye baridi na mota ikiwa juu ya tanuri, ovalodi inamlinda mtu asiyemwona. Mota nyingi zimekadiriwa kwa hewa ya nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Zaidi ya hapo punguza mzigo wa mota kwa jedwali lake, na ushushe ovalodi pamoja nao.

Kuriseti kwa mkono au kwa yenyewe?

Kwa mkono, karibu kila mara. Kuriseti kwa yenyewe kukikutana na swichi ya boya au ya presha, mota itajiwasha bila kumwambia mtu, labda kidole cha fundi kikiwa kwenye mkanda. Hata pale ambapo hakuna hatari kwa mtu, mota inayotripu na kujiwasha usiku kucha huamka asubuhi ikiwa imeungua. Na subiri kabla ya kuriseti: bimetali hupoa kwa dakika chache, mota kubwa huhitaji nusu saa na zaidi.

Mota inaendeshwa na invata (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota). Bado nahitaji ovalodi?

Kwa mota moja kwa invata moja, kwa kawaida hapana. Invata ina ovalodi yake ya kielektroniki, mradi umeingiza namba ya kibao kwenye vigezo vyake. Kipengele hicho huachwa kwenye namba ya kiwandani mara nyingi mno. Mota kadhaa zikilishwa na invata moja, kila moja iwe na ovalodi yake, kwa sababu invata huona jumla tu. Kontakti 95 na 96 zipeleke kwenye ingizo la kusimamisha la invata.

Jambo la kuogopa zaidi ni kasi ndogo. Feni iliyo kwenye shafti ya mota huzunguka polepole pamoja nayo, mkondo unabaki wa kawaida na upoaji unapotea. Ovalodi inayohesabu ampea tu haiwezi kuona hilo.

Basi nini kinaweza kuliona?

Themista zilizofukiwa ndani ya vilima, aina ya PTC, ambazo ukinzani wake huruka ghafla joto likifika kiwango chake. Zinapima joto lenyewe. Zinafaa kwa mota za invata za kasi ndogo, zinazowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa saa, zilizo kwenye vumbi linaloziba mapezi, na kubwa ambazo kuziwaindi ni gharama. Zinahitaji rilei yake, na wakati mzuri wa kuziweka ni mota inapoagizwa au inapowaindiwa. Usiondoe ovalodi kwa sababu una themista: rota ikikwama ghafla, waya hupata moto haraka kuliko themista inavyoweza kuhisi.

Ya kielektroniki ina faida gani juu ya bimetali?

Masafa mapana, mara nyingi moja kwa tano, madaraja kadhaa kwenye swichi moja, fezi iliyokatika huonekana kwa sekunde, na kumbukumbu ya joto kwenye zile nzuri. Kwa pampu ndogo moja, bimetali inatosha na haina cha kuharibika. Kwa mashine ya kuwasha kwa muda mrefu ningelipia ya kielektroniki bila kufikiria mara mbili.

Nina kapasita ya kurekebisha pawafakta kwenye mota. Inabadilisha kitu?

Ndiyo, kama imeunganishwa baada ya ovalodi. Mkondo unaopita kwenye ovalodi unapungua huku wa mota ukibaki palepale, hivyo seti chini kwa kadiri hiyo, au hamisha kapasita iwe kabla ya ovalodi.

Kuna mota isiyotakiwa kukatwa na ovalodi?

Pampu ya zimamoto ndiyo mfano mkubwa. Kanuni nyingi zinataka iendelee hadi ife, kwa sababu mota ni nafuu kuliko jengo. Angalia kanuni za mahali ulipo kabla ya kufunga.

Inatripu kila siku. Nipandishe nobu?

Kwanza pima fezi zote tatu kwa mita ya klampu, mota ikiwa na mzigo, na uandike. Zikiwa sawa na ziko juu ya kibao, mashine imezidiwa: beringi, mkanda uliokazwa mno, pampu inayosukuma maji zaidi ya ilivyopangiwa, au volti ya chini. Zikitofautiana, anza kubadilishana fezi zote tatu kwa pamoja, bila kugeuza mzunguko: tofauti ikihamia kwenye waya nyingine ya mota, tatizo ni la umeme unaoingia, ikibaki kwenye waya uleule wa mota, tatizo liko ndani yake. Zikiwa chini ya kibao na bado inatripu, kaza skrubu za ovalodi, maana skrubu iliyolegea hutoa joto linalopinda bimetali, kisha angalia muda wa kuwasha na idadi ya kuwasha kwa saa. Nobu iache palepale mpaka umemaliza kuandika.